Sarafu ya zamani ya Uingereza: ina kosa la kiwandani ama imeumia tu? Namna ya kuitambua na kuijua bei yake

Marehemu baba alifanya kazi bandarini Kilindini miaka mingi, na mabaharia walikuwa wakimwachia chenji za kwao, yeye akizitia kwenye kopo la Kimbo. Kopo hilo ndo urithi wangu. Ndani mna peni kubwa kubwa nyeusi, nusu peni, shilingi za mfalme, zile za peni tatu zenye pembe kumi na mbili, na nilipoanza kuzitazama vizuri nikaona nyingi zina mambo ya ajabu, moja imemegwa pembeni, nyingine herufi hazionekani, nyingine imejikunja kama sahani ya bati, basi nikawa nalala nikihesabu mamilioni. Kati ya vipande karibu mia tatu, vyenye kosa la kweli vilikuwa viwili. Viwili tu, na kuvijua vile viwili kulinichukua muda mrefu kwa sababu hakuna aliyenieleza kwa lugha yangu, ndo maana naandika haya kwa mwenye kopo lake nyumbani.

Kitu kimoja kikae kichwani tangu sasa hivi: kosa la kiwandani ni lile lililotokea kabla sarafu haijatoka kwenye mashine. Likitokea baada ya hapo, hata dakika moja baadaye, hilo ni jeraha na halina bei. Kazi yako yote ni kujua hiki ninachokiona kilitokea ndani ama kilitokea mtaani.

Hatua ya 1: usiioshe

Sisi watu wa pwani tumezoea, shaba ikififia unachukua ndimu na majivu unasugua mpaka sinia linakuonyesha uso wako. Kwa sarafu ya zamani tafadhali usifanye hivyo. Ile rangi nyeusi ama ya chokoleti ndiyo ngozi yake, ukiitoa mnunuzi anajua palepale na bei inaanguka vibaya. Halafu kuna jambo wengi hawalijui, peni za 1934, 1935, 1944, 1945 na 1946 zilitiwa weusi hukohuko kiwandani kwa dawa, kwa hiyo ukiona peni ya 1946 nyeusi usidhani ni uchafu, ilizaliwa hivyo, na wewe ukiisugua unaondoa kitu walichokiweka wao. Kama ina mchanga, maji safi na ikauke yenyewe kwenye kitambaa laini, basi. Na uishike ubavuni, vidole visiguse sura.

Hatua ya 2: vifaa

Huhitaji vingi. Lenzi ya sonara ya kukuza mara 10, mizani ndogo ya dijitali inayosoma mpaka gramu 0.01, vernia ya kupimia upana, sumaku, na taa ya mezani unayoweza kuilaza pembeni. Taa ya juu kwa juu inaficha kila kitu, ukiilaza mwanga ukapita juu ya sarafu kama jua la jioni ndo mistari na vinundu vinajitokeza.

Hatua ya 3: ijue kwanza ile isiyo na kosa

Hapa ndo watu wanapotelea, wanaona kitu hawajakizoea wanasema kosa. Pesa ya zamani ya Uingereza ilikuwa peni 12 kwa shilingi na shilingi 20 kwa pauni, yaani peni 240, mpaka tarehe 15 Februari 1971 walipohamia mfumo wa mia. Na ukisikia peni hapa usichanganye na ile peni yetu ya zamani ya senti kumi yenye tundu, ninayosema ni ile kubwa ya shaba yenye yule mama aliyekaa na mkuki wa ncha tatu, Britannia.

Uzito uandike mahali: peni gramu 9.4 na upana wa milimita 30.8, nusu peni gramu 5.67, farthing (robo ya peni) gramu 2.83, ya peni sita gramu 2.83 vilevile, shilingi gramu 5.66, ya shilingi mbili gramu 11.31, ya shilingi mbili na nusu gramu 14.14. Iliyotumika sana hupungua kidogo, hiyo ni kawaida. Lakini ukipata sura ya peni kwenye kipande cha gramu 5.67, hapo simama na uangalie tena, huenda kisahani (kile kipande tupu ambacho hakijagongwa picha) cha nusu peni kilipotea njia kikaingia kwenye mashine ya peni, na hilo ni kosa la kweli na la maana.

Na madini pia. Zile nyeupe mpaka 1919 zilikuwa na fedha asilimia 92.5, kuanzia 1920 mpaka 1946 asilimia 50, kuanzia 1947 hakuna fedha tena ni shaba na nikeli. Senti zao mpya, za peni 1 na 2, zilikuwa za shaba mpaka 1992 walipoanza chuma kilichopakwa shaba, ndo maana sumaku inakamata za karibuni na haikamati za zamani. Ya peni 2 ya 1998 ziko za aina zote mbili, usishtuke.

Sasa mambo ambayo siyo makosa ila kila siku naona watu wanayauza kama makosa. Shilingi za mwaka mmoja zenye picha mbili tofauti, moja ya Uingereza moja ya Uskoti, hiyo walipanga wenyewe kuanzia 1937. Peni za Victoria za miaka ya 1860 na 1870 ukizigeuza upande wa pili unakuta picha kichwa chini, zilitengenezwa hivyo. Ile pauni ya duara iliyoondolewa Oktoba 2017, maandishi ya ubavuni yakiwa juu chini siyo kosa, yalikuwa yanaangukia popote kwa bahati, nusu hivi nusu vile.

Halafu herufi ndogo H ama KN kushoto kwa mwaka kwenye peni za 1912, 1918 na 1919. Siyo kosa, ni alama ya viwanda vya Birmingham, Heaton na Kings Norton, vilivyosaidia kazi. Herufi hizohizo utaziona kwenye sarafu zetu za enzi ya mkoloni, nenda katazame ile senti kumi ya tundu ya bibi yako, huenda ina H ama KN pale, kwa sababu zilitoka kwenye viwanda vilevile. Peni za KN zikiwa nzuri zina bei yake lakini kwa uchache, siyo kwa kosa. Na ile ya tundu ya 1936 yenye jina la Edward VIII, yule aliyeacha kiti kabla hajavikwa taji, watu wanadhani ni hazina, kumbe ziligongwa kwa wingi na ziko kila kopo.

Hatua ya 4: fikiria mashine

Ukiielewa mashine hutahitaji kukariri orodha ya makosa. Wanaanza na ukanda mrefu wa shaba uliobapwa, mashine inatoboa visahani vya duara kama mama anavyokata mandazi kwa kikombe, visahani vinainuliwa ukingo, halafu kimoja kimoja kinaingia kwenye pete ya chuma kati ya mihuri miwili, wa chini umetulia, wa juu unashuka kwa nguvu, tap, sarafu imetoka. Kwa hiyo kosa linaweza kuzaliwa sehemu tatu: kwenye kisahani, kwenye muhuri, ama kwenye ule ugongaji wenyewe.

Kisahani. Ukikata mandazi na kikombe kikapanda juu ya tundu la mwanzo, andazi linatoka limemegwa kama mwezi. Sarafu ni hivyohivyo. Peni yangu ya kwanza ya kweli ni ya 1967 iliyomegwa hivyo, juu ya kichwa cha malkia. Niliijuaje siyo mtu alikata kwa tupa? Nenda upande wa pili kabisa wa pale palipomegwa, mkabala wake. Kwenye ya kweli ukingo wa hapo unakuwa dhaifu, umefifia ama haupo, kwa sababu wakati wa kuinua ukingo palikuwa hapana kitu cha kusukumia upande ule mwingine. Mtu wa tupa hawezi kuliiga hilo. Na herufi zilizo karibu na pale palipomegwa zinavutika kidogo kama zinakimbilia pengo, zilizokatwa baadaye zinakatika tu kama mkate. Taa ya pembeni, lenzi, utaona mwenyewe.

Muhuri. Hapa shika kanuni moja: kilichochimbwa kwenye muhuri kinainuka kwenye sarafu. Muhuri ukipasuka, ufa ule unajaa shaba na kwenye sarafu unakuwa mstari ULIOINUKA. Muhuri ukimeguka kipande, unapata kinundu. Mkwaruzo wa mtaani siku zote umezama. Kwa hiyo unapitisha mwanga unajiuliza, hiki kimeinuka ama kimezama? Kilichoinuka, endelea nacho. Kilichozama, mara nyingi weka chini, isipokuwa pale uzi ama takataka ilipoingia kati ya muhuri na kisahani ikaacha alama, au mafuta na uchafu vilijaa kwenye herufi ya muhuri ikatoka sarafu isiyo na herufi ile.

Peni yangu ya pili ndo hii. Ni ya 1946, na baada ya neno ONE kuna kinukta, kama ile alama iliyo kwenye neno ng'ombe, kidogo sana, ila kimeinuka na kina rangi moja na uwanja wote. Nilikaa nayo usiku nikadhani ni tone la kitu nikawa nataka kulikwangua na sindano, alhamdulillah sikufanya. Ni dosari ya muhuri inayojulikana na wakusanyaji wanaitafuta. Iko na ya 1897 yenye nukta kati ya O na N, hiyo ni ngumu zaidi kuipata. Ya namna hii ndo yenye raha, kwa sababu wengine walishaiona, ina jina, ina wanunuzi.

Enzi za Victoria tarakimu zilikuwa zinagongwa kwa mkono kwenye muhuri na muhuri mzuri hautupwi, mwaka ukibadilika wanagonga tarakimu mpya juu ya ile ya zamani. Ndo unapata peni ya 1865 ambayo chini ya 5 inachungulia 3, ama ya 1858 yenye 7 chini ya 8. Ya 1858 ni za kawaida kiasi, ya 1865 ndo inatafutwa. Angalia mikia ya tarakimu ya mwisho tu, polepole.

Halafu kuna muhuri kuolewa na muhuri usio wake. Hizi mbili zikariri kwa sababu ndizo unazoweza kukutana nazo hata leo. Ya kwanza, ya peni 2 ya 1983. Tangu 1971 ziliandikwa NEW PENCE, 1982 wakabadilisha kuwa TWO PENCE, lakini baadhi ya zile za 1983 zikagongwa kwa muhuri wa zamani zikatoka NEW PENCE. Zilikuwa kwenye seti za zawadi siyo chenji za dukani. Hizi zinafika mamia ya pauni. LAKINI nawaomba jamani, NEW PENCE ya 1971, 1975, 1980 na nyingine zote mpaka 1981 ni ya kawaida kabisa, thamani yake peni 2. Kila wiki naona mtu anaiuza kwa elfu, na mtu mwingine maskini ananunua.

Ya pili, ya peni 20 isiyo na mwaka. Mwaka 2008 walileta picha mpya za ngao zilizochorwa na Matthew Dent, mwaka wa sarafu ukahamishwa kutoka upande wa nyuma kwenda upande wa malkia, sasa kukawa na kundi lililogongwa kwa sura ya malkia ya zamani na nyuma mpya, mwaka haupo popote. Sarafu ya Uingereza ya matumizi kukosa mwaka ilikuwa haijatokea kwa zaidi ya miaka 300. Mara nyingi zinauzwa kati ya pauni 50 na 100.

Ugongaji wenyewe. Kisahani kikikaa vibaya picha inatoka upande, nusu sura nusu shaba tupu, na hapo kadiri inavyokwenda pembeni ndo bei inapanda, ila mwaka uwe unasomeka. Pete isipofanya kazi, shaba inatanuka kama chapati, sarafu inakuwa pana kuliko kawaida na haina ukingo, vernia itakwambia. Na kuna ile ninayoipenda kuliko zote ingawa sina, sarafu inang'ang'ania kwenye muhuri haitoki, kisahani kinachofuata kinagongwa na sarafu badala ya muhuri, basi upande mmoja una sura kamili na upande wa pili una sura ileile imezama na imegeuka kama kwenye kioo.

Hatua ya 5: mashaka

Hiyo ya mwisho ndo inaigizwa sana. Mtu anaweka sarafu mbili pamoja kwenye jiliwa la fundi anabana. Utaitambua hivi: ya kubanwa ile picha iliyozama imepanda juu ya picha ya asili ambayo bado unaiona chini yake imelalia, ya kweli picha ya asili haipo kabisa upande ule, imechukuliwa nafasi yote.

Yenye vichwa viwili, karibu zote ni za wafanya mazingaombwe, sarafu mbili zimechongwa zikaingizwa moja ndani ya nyingine. Tafuta mshono ndani ya ukingo, na uidondoshe kwenye meza ya mbao, haina mlio.

Peni nyeupe kama fedha, pima kwanza, maana wanafunzi zamani walikuwa wanazisugua kwa zebaki maabara zikang'aa. Ya dhahabu ni ya kupakwa. Nyembamba na nyepesi na picha zimelainika kama sabuni iliyotumika, imelala kwenye tindikali. Na peni ya 1933, ambazo zinajulikana ni chache sana hazifiki hata kumi, ukiletewa moja sokoni angalia ile 3 ya mwisho kwa lenzi, utakuta imechongwa ama imebandikwa.

Hatua ya 6: bei

Bei aliyoandika muuzaji siyo bei. Narudia kwa sababu hapa ndo watu wanaumia, mtu yeyote anaweza kuandika pauni 5,000 juu ya peni ya kawaida na haikugharimu kitu kuandika. Unachotaka ni kilicholipwa. Kwenye eBay kuna kichujio cha vitu vilivyokwisha kuuzwa, tumia hicho. Nyumba za mnada kama Spink na Noonans zina kumbukumbu za minada iliyopita unaweza kutafuta bure, na ukiona bei pale kumbuka mnunuzi anaongeza ada juu na muuzaji anakatwa kamisheni, kwa hiyo namba ile siyo itakayoingia mfukoni mwako.

Halafu linganisha mambo haya. Kosa linaonekana kwa macho ama mpaka lenzi? La macho linauzika kwa urahisi. Lina jina, wakusanyaji wanalijua? Sarafu imechakaa kiasi gani, maana Waingereza wana ngazi zao, Fine, Very Fine, Extremely Fine, Uncirculated, na ngazi moja juu inaweza kuzidisha bei mara mbili tatu. Na mwaka wenyewe. Peni yangu iliyomegwa ni ya 1967, mwaka ambao peni zilizoandikwa hivyo zilitengenezwa zaidi ya milioni 600, waliendelea kuzigonga kwa tarehe ileile mpaka 1970, kwa hiyo makosa yake ni mengi kuliko ya miaka mingine na bei ni pauni chache tu. Kosa lilelile kwenye peni ya Victoria ingekuwa habari tofauti, na kwenye ya fedha kubwa tofauti zaidi.

Kuna kampuni za kupima ngazi kama NGC na PCGS, wanaifunga kwenye kasha la plastiki na cheti. Ni vizuri kwa kitu cha mamia ya pauni, wanunuzi wanaamini. Kwa peni ya pauni kumi, ada na posta vitakula zaidi ya sarafu yenyewe, usijisumbue.

Hatua ya 7: kuuza na kutunza

Kabla ya kuuza ionyeshe kwa watu wawili tofauti. Ukiwa Uingereza nenda maonyesho ya sarafu, kuna meza nyingi, na chagua wauzaji walio kwenye chama chao, BNTA, wana kanuni za kufuata. Mimi mara ya kwanza nilikwenda duka moja, mwenye duka akaniambia ile ya nukta ni uchafu tu ila atanipa pauni moja anisaidie. Nilipomwambia ahsante nitaondoka nayo akapanda mpaka tano bila mimi kusema neno. Kwa hiyo nenda ukiwa umeshapima na kusoma, usimwachie mtu ikalale kwake.

Ukiuza mtandaoni piga picha nne: mbele, nyuma, ubavu, na sarafu ikiwa juu ya mizani namba inasomeka. Mwanga wa pembeni. Andika unachokiona, siyo unachokitamani.

Kutunza, epuka zile bahasha laini za plastiki zenye harufu kali, zinatoa kitu cha kijani kinachokula shaba, mwaka mmoja tu hapa kwetu penye joto na chumvi hewani utajuta. Tumia bahasha ndogo za karatasi ama vishikizo vya kadi vya sarafu, uweke na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye viatu vipya. Mimi naandika kwa penseli juu ya kila bahasha kabla sijaiweka sarafu ndani, mwaka, uzito, kilichoonekana na ilikotoka. Ile moja imeandikwa: 1946, gramu 9.38, nukta baada ya ONE, kopo la baba.